Ng'ombe wa kwenye jalada

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi ambazo wino wake ulikuwa ukibaki vidoleni, na kwa miaka hiyo yote nimekuandikia mara moja tu, kulalamikia chemshabongo iliyokosa kisanduku. Sikujibiwa, nikanyamaza. Lakini taarifa yenu ya Alhamisi iliyopita, ile ya chuo cha kilimo kuzindua ripoti yake ya mwaka, imenikosesha usingizi siku tatu.

Picha unaikumbuka. Mkuu wa chuo amesimama kando ya bango, mkononi ana kijitabu cha kung'aa, na kwenye jalada la kijitabu kuna ng'ombe. Nilichukua miwani nikamtazama vizuri ng'ombe huyo. Ni mnene, msafi kama bwana harusi, na nyuma yake kuna milima ya theluji ambayo si Mlima Kenya kamwe. Mwandishi wako akaandika kwamba mafunzo kwa vitendo yameimarishwa, kisha akarukia pengo la bajeti. Hakuuliza hata swali moja!

Mimi ni afisa wa kilimo mstaafu. Nafuga ng'ombe watatu hapa Uthiru, kwenye kipande cha ardhi ambacho madalali wa ploti hunipigia simu kila wiki kukiulizia. Mwaka huu niliombwa kumpokea binti wa mafunzo ya nyanjani, atachi wanavyoiita vijana, kutoka chuo hicho hicho. Yuko mwaka wake wa mwisho. Siku ya kwanza alifika saa kumi na moja alfajiri, maji ya kuoshea viwele hayajachemka, na hilo nalisema mapema ili mtu asidhani nawasimanga vijana. Nilimaliza kumkamua ng'ombe wa kwanza, nikampa ndoo, kitambaa na kile kikombe cheusi cha kukingia maziwa ya mwanzo ili mtu aone kama yana mabonge. Akakigeuzageuza, akaniuliza kwa adabu, "Guka," yaani babu, "hiki ni cha chai yako?" Nikadhani ananitania. Akachuchumaa, akaibana chuchu kwa ncha za vidole viwili na kuivuta chini kama mtu anayemalizia dawa ya meno. Malkia ni ng'ombe mstaarabu, alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akarusha teke, ndoo ikaviringika hadi kwenye mfereji wa samadi, na maziwa ambayo mama wa hoteli pale Kangemi alikuwa akiyasubiri yakaenda na maji.

Binti akaanza kulia. Nilimpa kigoda akae, na hapo ndipo aliponieleza. Kwa muda wote aliokaa chuoni alimgusa ng'ombe siku moja tu. Walikuwa wanafunzi arobaini, kila mmoja akapewa dakika yake, na ng'ombe mwenyewe alikuwa wa kuazimwa kwa jirani wa chuo. Kukamua alifundishwa ubaoni, kwa mchoro wa kiwele chenye mishale. Zizi la chuo lina viti vilivyovunjika. Shamba la chuo linalimwa viazi na mtu aliyelikodi, na wanafunzi wanaruhusiwa kuvitazama viazi hivyo kutoka nje ya seng'enge. Kisha akanionyesha risiti kwenye simu yake: ada ya mazoezi ya shambani, shilingi 4,500 kila muhula, mihula sita. Mimi nilisoma hesabu za kalamu na karatasi. Ni 27,000 kwa mtoto mmoja, na kwa darasa la arobaini ni 1,080,000. Pesa hizo nipe mimi, Mhariri, nami nitakuletea ng'ombe wa gredi wanne na chakula chao cha kuanzia, na nitakurudishia chenji.

Alilipishwa pia ada ya mhadhiri wa kuja kumkagua nyanjani. Mhadhiri hakuja. Alipiga simu, akaomba azungumze na mzee mwenye boma, akaniuliza jambo moja: "Mzee, una muhuri?" Nikamjibu kwamba nina ng'ombe watatu na samadi ya kutosha, muhuri sina. Akanishauri niende duka lolote la dawa za mifugo wanigongee kwenye daftari la binti. Malkia aliyemfundisha binti yule kazi kwa teke hakuulizwa neno.

Sasa, sikatai kwamba vyuo vyetu vimefilisika. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, yaani malimbikizo yenye umri wa kuanza shule. Mfumo wa ufadhili ulioletwa 2023, wa kuwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na umaskini wa nyumbani, ulipingwa mahakamani na mpaka leo wazazi hawajui wamesimama wapi. Haya yote nayajua. Lakini ng'ombe hangoji Hazina ya Kitaifa! Ukimlisha leo, kesho asubuhi anatoa maziwa, na maziwa ni pesa taslimu. Mwaka 1981 nilikuwa Njoro, Egerton ikiwa bado chuo cha diploma, miaka sita kabla haijawa chuo kikuu. Nilipewa kishamba cha sukuma wiki, na alama zangu zilitokana na nilichovuna. Chuo cha kilimo ndicho chuo pekee ambacho darasa lake linaweza kujilipia chakula, na hawa wetu wameligeuza darasa hilo kuwa kodi ya viazi. Kodi yenyewe iko ukurasa gani wa kile kijitabu? Jirani yangu mhasibu ananiambia kwamba kanuni za uhasibu wa umma zinataka mifugo na mimea ithaminiwe kila mwaka kama mali hai. Basi wathamini. Waanze na yule wa kwenye jalada.

Na nikiwa bado na hasira, hebu niseme la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Binti huyu atahitimu hajui kukamua, atakosa kazi, halafu akichelewa kulipa mkopo kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kijana wangu wa pili anazijua faini hizo kuliko anavyojua siku yake ya kuzaliwa. Chuo kilichompokonya mtoto mazoezi hakitozwi hata senti.

Katiba, kifungu cha 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na aseme kama pesa za umma zimetumika kisheria na kwa njia yenye manufaa. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Mimi napendekeza hivi: 1 Julai, saa kumi na moja alfajiri, wakaguzi wafike zizini bila kupiga simu kwanza. Mkuu wa chuo akae kwenye kigoda akiwa na suti ile ile ya uzinduzi, mwenyekiti wa baraza la chuo amshikie mkia, na lita zitakazopatikana zichapishwe kwenye jalada mahali pa ile milima ya theluji. Wasipokuwa na ng'ombe siku hiyo, Malkia yupo. Ndoo waje nayo wenyewe, na muhuri pia.

Mfugaji mstaafu,
Uthiru, Nairobi