Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bastola Moja, Risasi Mbili

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya shabaha, Assalaam alaykum.

Hesabu za fedha mtazisikia kwa Bi Mshika Fedha, na mengine ya kawaida yamo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililotugombanisha mwaka jana ndani ya ukumbi huu huu: kuigeuza bastola yetu ya milimita 9 ipige risasi ndogo ya .22, yaani yenye upana wa sehemu 22 za mia za inchi.

Mnakumbuka kuwa nilipinga. Nilisema aliyezoea jahazi harudishwi kwenye ngalawa. Wenzangu walileta hoja ya mfuko: kwa bei ya risasi moja ya milimita 9 unapata tatu, wakati mwengine nne, za .22. Wengi wetu ni wastaafu na kiinua mgongo si kisima. Mtu anayekuja kiwanjani akapiga risasi kumi akaondoka hakufanya mazoezi, amekuja kusalimia tu. Kura zilinielemea, nikanyamaza.

Kwa wageni wa mambo haya, risasi ya milimita 9 ina fataki yake katikati ya kitako. Ya .22 haina, dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, imezunguka pande zote, kwa hiyo pini ya kuilipua lazima igonge pembeni. Tena nguvu yake ni ndogo, haiwezi kuisukuma nyuma slaidi nzito ya chuma, yaani ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda na kurudi kila ukipiga. Ndiyo maana seti tuliyonunua imekuja na slaidi yake nyepesi ya aluminiamu, mtutu wake, springi yake na magazini yake. Mpini na kifyatulio ni vile vile mkono ulivyovizoea. Wala si jambo la jana: kampuni ya Colt ya Marekani iliuza bastola ya .22 yenye umbo la ile kubwa ya .45 tangu 1931, kwa ajili ya mazoezi ya bei nafuu, na risasi yenyewe ni ya mwaka 1887.

Waliouliza kama fundi wa mtaani angeweza kutuchongea mtutu, jibu ni hapana, na swali hilo lisirudi tena. Seti imetoka kiwandani, imeingia kwa kibali, na kwetu mtutu wake unaandikwa daftarini na kulala ndani ya sefu kama silaha kamili.

Sasa matokeo. Wakati wa kaskazi kila mtu alifurahi. Teke la bastola mkononi karibu halipo, mlio mdogo, na vijana ambao zamani walifumba macho kabla ya kufyatua walianza kukusanya matundu mahali pamoja. Masika yalipoingia ndipo tukaona upande wa pili. Risasi hizi zimepakwa nta, na nta hukamata masizi na vumbi. Bastola isiposafishwa, slaidi hairudi mpaka mwisho na ganda hubaki limebanwa mlangoni. Halafu kuna zisizolia. Dawa ikiwa haikufika sehemu ya ukingo inapogonga pini, unasikia "ta", basi. Hapo bastola hubaki imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde thelathini kamili, kidole nje, ndipo ufungue. Mwanachama mmoja aliigeuza kutazama kulikoni kabla ya muda. Alisimamishwa mwezi mzima, na mimi ndiye niliyetia saini, ingawa ni jirani yangu na hasemi nami vizuri mpaka leo.

Lakini hizo zisizolia ndizo zilizonibadilisha mimi. Siku moja ya kusi nilisimama mbele ya vijana, nimetanua kifua, kuwaonesha vipi mtu mzima anavyopiga. Ya tatu haikulia. Mlio haukuwepo wala teke halikuwepo, lakini mdomo wa bastola uliinama chini kama kuku anayedonoa, na wote waliona. Kumbe kwa miaka yote nilikuwa naisukuma mbele kabla haijalia, kujikinga na teke, na mlio wa milimita 9 ukinisitiri. Hakuna aliyecheka, jambo lililoniuma zaidi. Tokea siku hiyo nimepiga .22 kila wiki, na shabaha zangu za mita 25 zipo kwa katibu. Anayetaka kuzilinganisha na za mwaka jana azitazame.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka tuiache kabisa ile ya milimita 9. Mkono hujisahau. Nimeelekeza kila zamu imalizike kwa risasi kumi za milimita 9, na aina mbili hizi zisikae kamwe juu ya meza moja: ya kwanza ikusanywe, ihesabiwe, ifungiwe, ndipo ya pili ifunguliwe. Vijana wanaoota Olimpiki wajue kuwa mashindano ya bastola ya mita 25 hupigwa kwa .22, kwa hiyo hawapotezi chochote.

Limebaki tuta la udongo la kuzuia risasi nyuma ya shabaha. Kiwanja chetu kiko kwenye uwanda wa mawe, na risasi ya .22 ikigonga jiwe hurudi popote inapotaka. Tunahitaji udongo wa kulipandisha tuta, na udongo wa kutosha hauko kule. Lazima usombwe kwa lori. Mchanga nao, kibali chake siku hizi kinatushinda kuliko cha risasi. Kamati inaomba ruhusa yenu tutumie akiba iliyotokana na .22 kwa kazi hiyo. Mpaka tuta likamilike, mstari wa upande wa kusini utabaki umefungwa, na ninaomba tusibishane juu ya hilo.

Zamu za kusafisha zimebandikwa mlangoni. Mwaka uliopita wengi waliona hiyo ni kazi ya vijana. Safari hii jina la kwanza ni langu.