Kuhusu vidonge vya mama

Shoga yangu Zuhura,

Pole kwa kuuguza. Ndugu zako wanasema ulikuza mambo kumkimbiza mama hospitali alipomeza vidonge vya presha kupita kiasi, ilhali alikuwa akizungumza vizuri. Waambie mimi, niliyezeekea wodini, nasema ulifanya sawasawa.

Dawa za presha zikizidi hazionyeshi makali yake papo hapo. Amlodipini, hiyo ya mama, hufikia kilele chake kwenye damu baada ya saa 6 hadi 12, kisha huchukua siku kadhaa kuisha mwilini. Mtu anaweza kula, akacheka, akalala, presha ikaporomoka usiku. Vidonge vinavyotoa dawa polepole ndivyo vibaya zaidi. Kwa hiyo "mbona yuko sawa" si kipimo.

Kizunguzungu akisimama, jasho la baridi, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, kuzimia: hizo ni dalili za presha kushuka mno. Namba ya juu ya kipimo cha presha ikiwa chini ya 90, usibishane na mtu. Mapigo ya moyo yasikupumbaze. Atenololi, dawa nyingine ya presha, huyapunguza, lakini amlodipini mwanzoni yaweza kuyapeleka mbio.

Ulipomlaza chali na kumwinua miguu ulipatia. Yale maziwa ya shangazi, hapana, na kutapisha ndiyo kabisa usijaribu. Angepoteza fahamu huku anapumua, ungemlaza ubavu. Na kubeba pakiti zote, hata tupu, kuliwasaidia madaktari kuliko maelezo yoyote.

Umeuliza kwa nini walimchoma insulini wakati hana kisukari. Dozi kubwa ya insulini huupa nguvu moyo uliolemewa na dawa za aina hiyo. Hutolewa pamoja na glukosi, yaani sukari, ndiyo maana walikuwa wanampima sukari kila mara. Kalsiamu ya kwenye mshipa nayo ni kwa ajili ya moyo. Mkaa wa dawa, ule wa kunasa sumu tumboni, hufaa zaidi ndani ya saa 1 ya kumeza, mlikuwa mmeshachelewa.

Asirudie vidonge mpaka daktari aseme siku na kiasi. Akisahau dozi, asimeze mbili kufidia. Tena visikae kando ya kitanda, wajukuu wanatambaa humo, na kwa mtoto mdogo kidonge kimoja cha baadhi ya dawa hizi chaweza kuua.

Kuna swali moja gumu. Mkiwa wawili tu, muulize mama kwa upole kama alisahau kweli kwamba ameshameza au alikuwa amechoka na maisha. Akisita kujibu, usimwache peke yake, mwambie daktari siku hiyohiyo, kisha unipigie, hata usiku wa manane.

Wako,
Mwanaidi