Natafuta ng'ombe watatu wenye macho ya shanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Jambo langu haliwezi kungoja, na najua gazeti hili husomwa ndani ya mabasi yanayopita hapa kwetu Muheza kwenda Segera, Korogwe na Dar es Salaam. Ninaowatafuta ni abiria wa mabasi hayo.

Mwezi wa saba, msimu wa machungwa, niliuza midoli mitatu ya ng'ombe hapa stendi, nikiipitisha dirishani kama wenzangu wanavyopitisha machungwa. Niliifuma mwenyewe kwa kroshia. Ni ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi, urefu wake kama rula ya shule, mdomo wa waridi, pembe mbili fupi za kahawia. Amevaa blauzi ya njano na kanga nyekundu, kichwani ana kilemba kilichotobolewa matundu mawili ya kupitisha pembe, na mkononi ana ndoo ya maziwa. Macho yake ni shanga nyeusi zinazong'aa. Shanga hizo ndizo zilizonikalisha kuandika barua hii.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kufuma nilifundishwa na marehemu mama yangu, aliyefuma vitambaa vya makochi na vya kufunikia redio, na mimi nikawafundisha watoto katika vipindi vya Stadi za Kazi. Nilipostaafu niliona vitambaa vya makochi havina tena wanunuzi, nikageukia midoli ya wanyama wa kufugwa. Nilianza na kuku, nikaenda kwa mbuzi, nikafika kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe ndipo watu waliponijua. Mkoa wetu wa Tanga ni wa maziwa. Mtoto wa hapa anamwona ng'ombe wa kisasa akikamuliwa kwa jirani kabla hajajua kutembea, kwa hiyo ukimpa mdoli wa ng'ombe hahitaji kuelezwa. Dubu wa dukani humtazama tu.

Ng'ombe wangu anaanzia kichwani. Nafunga duara dogo la uzi na kuingiza vitanzi 6. Mzunguko wa pili vinakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, naongeza sita kila mzunguko mpaka 36. Hapo nazunguka mizunguko minane bila kuongeza, kisha naanza kupunguza sita sita mpaka libaki tundu la kuingiza kidole, ndipo najaza. Natumia kroshia ya milimita 2.5 ingawa uzi ule ungetaka ya 3.5, kwa sababu mfumo ukilegea pamba inachungulia nje na mtoto anaivuta. Miguu naianzia kwenye kwato, uzi mweusi kwanza, mweupe baadaye. Kiwele nakifuma peke yake kwa uzi wa waridi, na chuchu zake nne. Watoto wa wafugaji wanaangalia kiwele kwanza, wakikikosa wanauliza.

Zamani nilijaza sufi. Nina msufi nyuma ya nyumba, na kiangazi maganda yake yakipasuka uwanja wote unakuwa mweupe. Sufi ni laini na ni ya bure, lakini ukiifua inajikusanya mabonge, na hata uichambue vipi hubaki mbegu mbili tatu nyeusi, ngumu, za ukubwa wa pilipili manga. Siku hizi nanunua pamba ya mito ya dukani. Inagharimu, ila mdoli unafulika na kukauka vizuri, na mdoli wa mtoto mchanga usipofuliwa kila wiki ni uchafu mtupu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa tisa binti yangu alikuja kunitembelea na mwanawe wa miezi kumi. Mtoto huyo nilikuwa nimemfumia ng'ombe tangu azaliwe, tena nilimshonea kanga iliyokatwa kwenye kanga ya mama yake iliyochakaa, laini kwa kufuliwa, na kwenye kipande kile cha jina lilibaki neno moja tu, MAMA. Alikuwa halali bila ng'ombe wake. Alasiri ile alikuwa mkekani anamtafuna kichwani, kama watoto wote wanaoota meno. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua mchicha. Nikasikia kikohozi kimoja, kisha kimya.

Binti yangu akapiga kelele, "Mama, mtoto hapumui!"

Nilimkuta mdomo wazi, uso umeiva, midomo inaanza kugeuka rangi, na sauti haitoki. Miaka mingi iliyopita muuguzi alikuja shuleni kutufundisha walimu huduma ya kwanza, na mikono yangu ilikumbuka kabla ya akili. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa kikiwa chini kuliko makalio, taya lake nimelishika kwa vidole, nikampiga katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Mara moja. Mbili. Tatu. Ya nne ikatoka na mate mengi na kulia kwa sauti kubwa. Shanga nyeusi ilianguka mkekani na kubingirika mpaka kwenye sinia la mchicha. Nilimtazama ng'ombe. Jicho la kushoto halikuwepo, na uzi wa cherehani niliolishonea ulikuwa umening'inia, umekatwa na meno mawili ya mtoto.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile, akachunguzwa, akaonekana mzima. Lakini usiku sikulala. Niliwaza midoli mingine niliyoshona kwa uzi ule ule na shanga zile zile. Ninaandika mauzo yangu kwenye daftari. Nikawasha taa nikahesabu. Ng'ombe kumi na mmoja, mbuzi wanne, kuku saba.

Kulipokucha nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na mkasi, sindano na uzi mweusi. Wengi walinipokea vizuri na kunishukuru. Lakini kuna waliokataa, na hawa ndio walionionyesha ukubwa wa tatizo. Mama mmoja kijana aliniambia, "Mwalimu, shikamoo, lakini macho haya niachie. Yanang'aa. Hayo ya uzi yamelala, mdoli utakuwa kama umekufa." Nilikaa naye saa nzima. Mwishoni nilimtolea ile shanga yenyewe, niliyokuwa nimeifunga kwenye pindo la leso, nikamwekea kiganjani. Hakusema tena neno, akaenda ndani akauleta mdoli.

Mwenye duka mmoja aliyekuwa akininunulia kwa jumla aliniambia wazi kuwa macho ya uzi hayauziki, na tangu hapo haninunulii. Namwelewa, naye anasikiliza wateja wake. Ndiyo maana sisemi na wafumaji peke yao, nasema na wanunuzi pia, kwa sababu fundi hushona macho ambayo mnunuzi anayataka.

Kuna wanaonishauri nitumie macho ya plastiki yenye msumari unaobanwa kwa kikufuli upande wa ndani. Nimeyajaribu. Kwenye kitambaa kilichofumwa kiwandani yanashika, lakini kroshia ni matundu matupu yaliyopangwa. Mtoto akivuta na kutafuna kila siku tundu linatanuka, na jicho linatoka pamoja na kikufuli chake. Kwa mtoto aliyepita miaka mitatu, asiyeweka tena kila kitu mdomoni, sina ugomvi nayo. Kwa aliye chini ya hapo, siyataki.

Jicho la uzi si lazima lilale. Nimehangaika nalo wiki tatu, nikifumua na kushona upya, mpaka nikagundua kinachokosekana. Nafuma kiduara cheusi cha vitanzi sita tu, nakishona kichwani kwa mishono midogo kukizunguka chote, mara mbili, ncha ya uzi nikaipitisha ndani ya kichwa na kuitokeza upande wa pili kabla ya kuikata. Halafu nachukua uzi mweupe na kushona nukta moja pembeni juu ya ule weusi. Nukta ile ndiyo uhai. Macho yote mawili lazima yawe nayo upande mmoja, kwa sababu mwanga hutoka upande mmoja. Ukiweka moja kulia na moja kushoto mnyama anakuwa kengeza. Na macho yakae chini kidogo ya nusu ya uso, yameachana vitanzi vinane. Ukiyapandisha juu anakuwa ng'ombe mzee, ukiyashusha karibu na mdomo anakuwa ndama. Mama yule kijana aliponiona nimemaliza nukta ya pili, alimgeuza mdoli huku na huku akasema, "Ee, ananitazama."

Baada ya macho ikabidi nivitazame na vitu vingine vyote vya ng'ombe wangu kwa jicho lile lile. Blauzi ilikuwa na vifungo viwili. Nimeviondoa, sasa inavaliwa kwa kupitisha kichwani. Shingoni alikuwa na kengele ndogo ya bati yenye punje ndani, imekwenda. Kanga ilifungwa kwa kamba ndefu. Sasa kamba yoyote ninayoweka haizidi shibiri, isije ikazunguka shingo ya mtoto. Ndoo ya maziwa ilikuwa ndogo kama kifundo cha kidole gumba, naye mtoto anaweza kuivua mkononi. Nimeifuma upya iwe kubwa kuliko yai la kuku na nimeishona kwenye kwato moja kwa moja. Kipimo changu ni lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni: chochote kinachopita humo, mdoli wa mtoto mchanga hakivai wala hakishiki.

Kwa watoto wakubwa nafuma ng'ombe mwingine, na huyu namjazia vitu: kanga doti nzima, kikapu cha ukindu, majani, ndama mgongoni amebebwa kwa mbeleko, hata kandambili. Mjukuu wangu wa miaka sita amejifunza kufunga fundo kwa kumfunga ng'ombe mbeleko kila asubuhi, mpaka siku moja nikamkuta anafunga kamba za viatu vyake bila kuitwa. Kwa hiyo sisemi midoli isivalishwe. Nasema fundi aulize kwanza, mtoto ana umri gani? Zamani niliuliza rangi tu.

Kwa wafumaji wenzangu wa Muheza, Pangani, Lushoto na kwingine kote, kabla hujauza mdoli shika jicho, shika sikio, shika pembe, vuta kwa nguvu zako zote. Kikitoka mkononi mwako, kingetoka mdomoni mwa mtoto. Na mnunuzi akivuta mbele yako, usinune. Mimi sasa ninawaambia wateja wenyewe, "Vuta, mwanangu, vuta bila huruma."

Na kwa mzazi yeyote, ingawa hili ni la wauguzi zaidi kuliko la wafumaji: mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti au kulia, mwache akohoe. Sauti ikikatika, ndipo umlaze kifudifudi kichwa chini na kumpiga katikati ya mabega mpaka mara tano. Kisipotoka, mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua mara tano, urudie, huku mwingine akikimbilia msaada. Mtoto wa umri huo usimbonyeze tumbo. Usichokoe kooni kwa kidole kwa kitu usichokiona, utakisukuma ndani. Kikitoka, mpeleke hospitali hata kama anacheka. Muombeni muuguzi wa kliniki awaonyeshe kwa vitendo siku ya kupima uzito. Ni dakika chache.

Midoli ishirini na miwili niliyoihesabu usiku ule, kumi na tisa imepita mikononi mwangu na ina macho mapya. Iliyobaki ni hao ng'ombe watatu wa stendi. Mmoja alichukuliwa na kijana aliyekaa nyuma ya dereva, akasema anampelekea mwanawe aliyezaliwa hajamwona bado. Mwingine alinunuliwa na mama aliyevaa baibui ya bluu, alikuwa na mtoto mgongoni. Wa tatu sikumwona uso mnunuzi, niliuona mkono tu ukitoka dirishani na noti mbili, elfu kumi na elfu tano, basi likaondoka.

Kama ng'ombe huyo yuko kwako, tafadhali usimtupe, mtoto atamlilia. Chukua mkasi leo hii, kata shanga zote mbili, na zihesabu ziwe mbili kweli. Kata na kengele iliyo shingoni, vifungo vya blauzi na kamba ya kanga. Ndoo ivue uifiche. Kisha mshone macho kwa uzi mweusi, na usisahau ile nukta nyeupe. Kama huna mkono wa kushona, Mhariri anayo namba yangu ya simu. Mtume kwa basi, nitalipa nauli yake kwenda na kurudi.

Mwalimu mstaafu na mfumaji,
Muheza, Tanga