Kijiti cha bibi

Unguja, 12 Julai 2020

Shoga yangu Zuhura,

Asalamu alaikum. Sisi huku wazima, mama anakusalimu sana, na watoto kila siku wanauliza halua yao. Nimewambia wasubiri mpaka ndege za Muscat zifunguliwe. Barua naiandika kwa kalamu, kisha nitaipiga picha nikurushie. Ningekutumia sauti, lakini najijua, ningeishia kulia.

Nimependa wimbo, Zuhura. Kupenda kwa kukosa usingizi.

Siti Muharam unamjua, kitukuu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani. Mwaka huu katoa albamu, Siti of Unguja. Muziki kaupanga Matona, mwanamuziki wa huku kwetu, na imetolewa na kampuni ya London. Hilo la London lilinitia wasiwasi, nikasema basi, watatutilia mashine humo mpaka taarab tuitafute kwa tochi. Kweli kuna zumari moja nene ya kizungu inavuma chini kwa chini, na bwana wangu kaapa kuwa hii si taarab. Mwache. Yeye taarab yake ni ile ya kutunza noti. Mimi nasikia udi mle ndani, na juu yake sauti ya mwanamke asiye na haraka.

Alhamisi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, simu ya mpwa wangu imesimamishwa kwenye gilasi ili sauti itoke. Machozi ya Huba umepita, mzuri, lakini mkono uliendelea na kazi. Ukaja Kijiti. Wallahi nilikuja kugutuka kifuu nimekishika tu, tui halijakamuliwa, na wali wa mchana ule ulichelewa mpaka nikasemwa.

Utaniuliza Kijiti kuna jipya gani, na sisi tumeusikia tangu hatujaota magego. Ndiyo hapo. Bi Kidude, Mungu amrehemu, akiuimba, mimi nilikuwa natazama sigara yake kuliko kusikiliza. Na bibi yangu alikuwa akiuimba akichagua mchele, ungo mapajani, chuya zinaruka kwa mdundo. Ukifika pahala fulani anaguna tu, mm-mm-mm, kisha anarudi kwenye maneno. Miaka yote hiyo nilidhani uzee umemsahaulisha.

Jioni nikaenda kwa shangazi nikamwambia nipe maneno yote. Akacheka, akafunga mlango kama anataka kunipa siri ya harusi. Kumbe pahala pale pana chupa ya jini, ile pombe kali! Wanawake wametoka nyumbani bila ruhusa, jini limo kikapuni, wanakwenda kwenye dansa Chukwani. Bibi hakusahau kitu. Watoto tulikuwa hapo, ndiyo maana akaguna.

Na kisa chenyewe sikuwa nakijua, nakijua jina tu. Mwanamke mgeni kaja kututembelea kisiwani, mwanamume mmoja jina lake Kijiti kamchukua, kamuua, na yule mwanamke ana mimba. Kijiti akakimbilia bara. Mahakamani, mbele ya jaji wa Kiingereza, waliofungwa ni wanawake wawili waliokuja kutoa ushahidi. Siti binti Saad akaimba kuwa muuaji kavuka mto, waliozama ni mashahidi. Zuhura, huyo ni mtoto wa Fumba, aliyekuwa akileta vyungu mjini kuuza, anamwimba jaji wa serikali na yumo kwenye kiti chake! Na majina ya wale wawili kayaweka ndani ya ubeti, karibu miaka 100 sasa bado yanatajwa. La jaji shangazi halijui, na mimi sikulitafuta.

Kitukuu wake sasa hapigi kelele. Mimi nilizoea Kijiti kikipigwa watu wanapiga makofi na kutikisa mabega, na sisemi ni vibaya, harusi ni harusi. Lakini huyu anakihadithia kama anayekaa na maiti usiku. Ndiyo kilichonipata pale juu ya mbuzi. Nilimwona yule mgeni. Nilimwona na viatu vyake vya kutokea, hata sijui nimevitoa wapi hivyo viatu, kwenye wimbo havimo.

Tangu siku hiyo kila nikipita Chukwani kwa daladala nachungulia dirishani kama nimepoteza kitu. Kondakta keshaniuliza mara mbili kama nashuka.

Nakutumia huo wimbo pamoja na barua hii. Usiusikilize ukiwa jikoni, na wala usiuweke kwenye gari huku mnapiga soga. Ukishausikia, niulizie kwa mama yako jambo moja: bibi yenu wa Makunduchi naye alikuwa akiimba Kijiti, nakumbuka kabisa. Alikuwa akiguna pahala pale pale, au nyinyi mlikuwa mnasikia yote?

Shoga yako,
Maryam