Mkaa usio na moshi nao unaua

Ndugu Mhariri,

Mtaani kwetu mvua ikinyesha watu huingiza jiko la mkaa ndani, na madirisha wanafunga. "Umeshakolea, hauna moshi," wanasema. Kumbe hatari ndiyo hiyo. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayozuia damu kubeba oksijeni. Mtu analala, haamki.

Na huo moshi tunaojisifu kuukwepa ulishatoka porini, kwenye tanuri miti ilipochomwa kuwa mkaa, pamoja na sehemu kubwa ya nishati ya mti wenyewe.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sawa, ila lini tutauziwa gesi ya kupima, kama tunavyonunua mkaa kwa kopo?

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam