Siku 364 na siku 365

Ndugu Mhariri,

Katika habari zetu za Kiswahili kuhusu watu wanaorudishwa makwao kutoka Marekani, aliyefukuzwa huelezwa mara nyingi kuwa ni mtu "asiye na karatasi", na msomaji hubaki akidhani kuwa ndugu yake mwenye kadi ya kijani hahusiki. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za jinai za huko, na naomba nafasi nieleze namna dhana hiyo inavyowaponza watu, hasa katika zile dakika chache ambazo mshtakiwa huulizwa kama anakiri kosa au analikana.

Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, si raia. Anaweza kuishi kule miaka thelathini, akalipa kodi na hata kuvaa sare za jeshi lao, lakini kukaa kwake kunategemea sheria ya uhamiaji, ambayo ina orodha yake ya makosa na vipimo vyake. Mwaka 1988 Bunge la Marekani liliweka katika sheria hiyo kundi la makosa ya kumfukuzisha asiye raia, ambalo hapa nitaliita jinai nzito, na wakati huo lilihusu mauaji, biashara ya dawa za kulevya na biashara haramu ya silaha. Likapanuliwa kidogo kidogo, hadi sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Septemba 1996 ilipolipanua kupita kiasi. Wizi na makosa ya kutumia nguvu, ambayo awali yaliingia humo iwapo kifungo kilifikia miaka mitano, sasa yaliingia kwa kifungo cha mwaka mmoja, na ulaghai uliokuwa ukihesabiwa pale hasara ilipozidi dola 200,000 ukaanza kuhesabiwa hasara ikizidi dola 10,000. Tena orodha hiyo mpya ilirudi nyuma na kuwagusa hata waliohukumiwa kabla haijatungwa.

Kinachowachanganya wengi ni hesabu ya huo mwaka mmoja. Hakimu akitoa kifungo cha siku 365 kwa kosa la wizi, kisha akaahirisha utekelezaji wake wote na mshtakiwa akalala nyumbani kwake usiku uleule, kwa macho ya sheria ya uhamiaji mtu huyo amehukumiwa mwaka mzima. Angepewa siku 364, kosa lilelile lisingeingia katika kundi la jinai nzito. Nimewahi kutafsiri hukumu ya namna hiyo huku jamaa za mshtakiwa wakikumbatiana kwa furaha, nami kazi yangu hainiruhusu kuongeza neno ambalo halikusemwa. Baadhi ya majimbo yameliona tatizo hili na kushusha kifungo cha juu cha makosa madogo hadi siku 364, kama Washington ilivyofanya mwaka 2011 na New York mwaka 2019, lakini si yote. Na aliyeingia katika kundi hilo hawezi kumwomba jaji wa uhamiaji amhurumie kwa sababu ya watoto au miaka aliyokaa, ombi ambalo mkaazi wa kudumu mwenye kosa jepesi zaidi huweza kulipeleka akitimiza miaka inayotakiwa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililitazama suala hili mwaka 2010 katika kesi ya Padilla dhidi ya jimbo la Kentucky. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa mkaazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40 na askari wa zamani wa vita vya Vietnam. Alikamatwa akisafirisha bangi katika lori, na wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu, naye akakiri. Mahakama iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumwonya mteja asiye raia kuwa kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama hiyohiyo ilisema uamuzi huo hauwasaidii wale ambao hukumu zao zilikuwa zimekamilika kabla yake.

Ndiyo maana nasema swali la nini kitampata mshtakiwa kwa upande wa uhamiaji liulizwe mapema, kabla hajakiri. Katika kesi ya jinai ambayo inaweza kumpeleka mtu jela, asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Katika mahakama ya uhamiaji, kwa kuwa kesi huhesabiwa kuwa ya madai na si ya jinai, serikali haina wajibu huo, hata kama mtu yuko mahabusu. Mshtakiwa anayesema "nitayashughulikia ya uhamiaji baadaye" anayaahirisha hadi siku ambayo huenda hatakuwa na wakili kabisa. Wala asitegemee ahadi kwamba rekodi yake itafutwa, kwa maana hukumu iliyofutwa na jimbo kwa kawaida huendelea kuhesabika kwa maofisa wa uhamiaji.

Kwa walioingia bila kibali hali imekuwa ngumu zaidi tangu Rais Donald Trump aliposaini sheria ya Laken Riley tarehe 29 Januari 2025. Kwao, kukamatwa tu kwa tuhuma ya wizi, ukiwemo wizi mdogo wa dukani, kunatosha kuwaweka kizuizini bila dhamana, kabla mahakama haijasema lolote kuhusu tuhuma yenyewe.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba mnapoandika juu ya mtu aliyerudishwa kutoka Marekani, mtafute na kueleza alikuwa na hadhi gani kule, alikiri kosa gani, na kama alipokiri kuna aliyemwambia litakalofuata.

Mkalimani wa mahakama,
Marekani