Shikamoo si maoni: barua ya wazi kwa vijana wetu wa mashindano ya roboti

Wanangu waandaaji,

Marahaba. Naanza na jibu kwa sababu shikamoo nimezipokea nyingi wiki hii, na si kutoka kwenu tu. Mliponiletea ile bahasha ya fomu za maoni nizipitie, kama mzee wenu na kama mmoja wa majaji, nilikaa nayo barazani hapa Tanga jioni mbili, miwani puani, chai ya tangawizi pembeni. Fomu ya kwanza, pale palipoandikwa "Toa maoni yako kuhusu mashindano", mtoto kaandika: "Shikamoo. Mashindano yalikuwa mazuri sana. Asanteni." Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu kaongeza "Mungu awabariki".

Mkafurahi, mkanipigia simu: Mzee, tumefaulu, wote wameridhika!

Nimefundisha umeme sekondari ya ufundi miaka thelathini na ushee. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkosoi mkubwa aliyemlisha pilau. Mlimpa fulana, mkampa soda, mkamkabidhi fomu huku mmesimama mbele yake mnasubiri airudishe. Mlitaka aandike nini?

Niwape kisa. Pale karakana niliwahi kuwa na chuma cha kulehemu kilichokuwa kinavujisha umeme, na mimi sikujua. Kila kipindi nauliza, "Kuna tatizo?" Darasa zima: "Hapana, mwalimu." Wiki ya tatu nikamsikia kijana ananong'ona, "Kandambili ziko kwa nani?" Nikafuatilia. Kumbe wana jozi moja ya kandambili za mpira inayopita mkono kwa mkono. Anayekwenda kulehemu anavua viatu vyake vilivyotoboka soli, anavaa zile, ndipo anashika chuma. Walishatafuta dawa ya tatizo na kuipangia zamu, na mwalimu wao hana habari. Tangu siku ile niliacha kuuliza "kuna tatizo?" Nikawa nasema, "Hebu nionyeshe unavyofanya."

Kwa hiyo fomu ya mwakani msimuulize mtoto kama alipenda. Muulizeni kilichotokea. Roboti yenu iliwaka mara ya kwanza hapa ukumbini saa ngapi? Mlisubiri ukaguzi muda gani? Betri mlichajia wapi? Kwenye timu yenu nani alishika bisibisi, nani alishika laptopu? Ni kitu gani mlilazimika kukifanya hapa ambacho nyumbani hamkukifikiria? Maswali ya namna hiyo hayamlazimishi mtoto kumkosoa mtu. Anasimulia tu, na ukweli unatoka bila yeye kujiona amekosa adabu. Na fomu iwe ya Kiswahili. Najua darasani wanasoma kwa Kiingereza, lakini kwenye fomu yenu ya Kiingereza wengi wameweka maneno mawili matatu ya kukariri wakaishia hapo. Mmoja tu ndiye aliyegeuza karatasi na kujaza nusu ukurasa kwa Kiswahili, mgongoni, mahali ambapo hakuna aliyemwambia aandike.

Huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Ameandika kwamba asubuhi, kwenye meza ya majaribio, roboti yao ilifuata mstari mweusi mara saba bila kukosea. Wakaitwa uwanjani saa tisa na robo alasiri. Roboti ikaenda hatua mbili za mtoto, ikaacha mstari, ikawa inazunguka palepale kama pia. Wakaomba dakika mbili wapime upya. Jaji akawajibu kwamba kanuni hairuhusu kugusa programu baada ya ukaguzi wa asubuhi, na kwamba wangejiandaa wasingeadhirika.

Jaji huyo ni mimi.

Mnaojua mtanisamehe, maana barua hii itasomwa pia na walimu wa historia na wazazi. Kihisi cha kufuata mstari (nasema kihisi, maana nikisema sensa watu watadhani tunawahesabu) kinatoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo unagonga sakafu na kurudi. Penye weupe unarudi mwingi, penye weusi unamezwa, na kwa tofauti hiyo roboti inajua mstari uko wapi. Sasa jua nalo lina mwanga wa aina hiyohiyo, tena wa kumwaga. Likipiga sakafuni, kihisi kinapokea mwingi kila mahali, na vile viwango vilivyopimwa asubuhi kivulini vinakuwa havina maana tena. Ule ukumbi una madirisha upande wa magharibi. Asubuhi hayana neno. Saa tisa jua linaangukia katikati ya uwanja wa pili. Fizikia hii nimeifundisha mwenyewe, ubaoni, kwa chaki, na siku ile nilikaa na kalamu nikampa mtoto sifuri.

Nikatoa ratiba yenu nikaitazama. Mmezipanga timu kwa alfabeti. Shule zinazoanza na herufi za mbele zimecheza asubuhi siku zote mbili, za nyuma zimekula jua siku zote mbili. Sidhani kama kuna aliyekusudia ubaya. Mtu amefungua orodha, akabonyeza kitufe cha kupanga, akaenda kula.

Baada ya hapo nikarudia fomu za timu za alasiri, moja moja, nione nani mwingine amelalamikia jua. Hakuna. Watatu wameandika kwamba roboti yao ilikuwa mbovu, mmoja kaandika "tulijiamini kupita kiasi". Kosa letu wamelibeba wao, wakapanda nalo basi hadi kwao. Na kwenye picha mlizopiga kuna timu ilifunika tumbo la roboti kwa kipande cha boksi la biskuti kilichopakwa wino mweusi, kikaning'inia hadi karibu na sakafu. Siku ile nilipita pale nikadhani ni pambo. Zile ndizo zilikuwa kandambili zao.

Kuhusu kuchaji nitakuwa mfupi: ekstensheni moja yenye matundu manne kwa nusu ukumbi haitoshi, na betri za lithiamu zikichajiwa chini ya meza zenye vitambaa, iko siku zitatuunguza. Hilo halingoji fomu.

Kingine. Fomu zote hizi zimejazwa na waliobaki hadi vikombe vikatolewa. Walioondoka Jumapili mchana mmewauliza? Shule zilizojiandikisha zisitokee kabisa? Mwalimu mmoja nilimpigia mwenyewe. Basi la mwisho la kwenda kwao huondoka saa kumi jioni, nanyi fainali mliiweka saa kumi na moja. Timu yake ilikuwa imefuzu. Mlitangaza kwamba haikuonekana uwanjani, ukumbi ukacheka, mimi nikiwemo. Fomu yake haimo kwenye bahasha, na kama ingekuwemo ingekuwa nzito kuliko zote.

Lile swali la bisibisi na laptopu sikuliweka kwa bahati. Nilipozunguka mezani, kwenye timu nyingi za mchanganyiko msichana ndiye alikuwa na daftari na bango, mvulana ndiye mwenye nyaya. Mkiuliza kama wasichana walishirikishwa mtajibiwa ndiyo, na haitakuwa uongo.

Msinielewe kwamba kila lalamiko lifuatwe. Kuna timu inataka ile kazi ya kushtukiza ya siku ya pili iondolewe kwa kuwa ni ngumu. Isiondolewe ng'o. Ndiyo sehemu pekee ambayo mwalimu, au kaka aliyeko chuo kikuu, hawezi kumfanyia mtoto nyumbani, na hata World Robot Olympiad, yale mashindano ya roboti ya wanafunzi wa dunia nzima yaliyoanzia Singapore mwaka 2004, ina utaratibu kama huo. Anayetaka kila timu ipate kikombe naye aambiwe hapana, kwa upole.

Lakini mmoja wenu aliniambia kwamba kanuni zenu zimechukuliwa kwa wakubwa wa nje, kwa hiyo haziguswi. Mwanangu, hao wakubwa wenyewe wanazigusa. FIRST, taasisi ya Marekani aliyoianzisha Dean Kamen mwaka 1989, ilifanya mashindano yake ya kwanza ya roboti mwaka 1992, timu 28 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire. Miaka ya mwanzo kila timu ilijipigania peke yake. Mwaka 1999 wakaleta utaratibu wa timu kuungana na kucheza upande mmoja, mchezo ukawa mwingine kabisa.

Na wale walioandika kwamba wenye pesa ndio walioshinda, msiwapuuze. Niliziona roboti mbili zenye vifaa ambavyo bei yake ingelipa ada ya darasa zima. Woodie Flowers, aliyeshirikiana na Kamen, alikuwa akiendesha mashindano ya wanafunzi pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, tangu miaka ya 1970, na kila mwanafunzi alipewa sanduku la vitu vilevile atengeneze mashine yake humo. Uingereza kuna mashindano ya Student Robotics, yaliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton. Timu zinaazimwa vifaa, msimu ukiisha vinarudi. Kuwapa wote sanduku hatuwezi bado. Kuweka ukomo wa bei, na jaji akaomba risiti, tunaweza hata kesho.

Kabla hamjafungua uandikishaji wa mwakani, ziandikieni shule zote, pamoja na zile zilizoondoka mapema na zile ambazo hazikuja: mlituambia hivi, tumebadilisha hivi, hili tumeliacha kama lilivyo na sababu ni hii. Karatasi moja. Mtoto akiona neno lake limefanya kazi, fomu ya mwaka unaofuata hatakuandikia shikamoo peke yake. Timu za alasiri mziambie wazi kwamba jua ndilo lililowaharibia. Ratiba ipangwe kwa bahati nasibu, na siku ya pili aliyecheza asubuhi acheze alasiri. Meza moja ya majaribio ikae dirishani, na kila timu ipewe dakika mbili za kupima pale uwanjani kabla ya filimbi.

Ile fomu iliyoandikwa mgongoni haina jina. Msianze kulinganisha miandiko mkimtafuta mwenyewe. Ijumaa ya mazoezi nitasimama mbele ya timu zote niseme nilichokosea, na atakayehusika atajijua.

Juzi nilipita pale ukumbini kupima. Madirisha ya magharibi ni manne, kila moja futi sita kwa nne. Kitambaa kizito cheusi nimekiona Ngamiani, na fundi cherehani wa hapa jirani amekubali kushona kwa bei ya kizee. Goti langu halipandi juu tena. Leteni ngazi na mtu wa kuipanda.

Babu yenu wa karakana,
Tanga